Rejeta za Bi Sun

11 Januari

Daktari kasema tupime joto la chumba kila asubuhi na jioni, tuandike. Nimeandika: nyuzi ishirini na tatu. Kalamu ikabaki mkononi, na mimi siwezi kukaa na kitu mkononi bila kukitumia, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Leo tumemtoa mtoto hospitali. Kazaliwa kabla ya wakati wake, kilo mbili na kidogo, kiganja chake hakifuniki kidole gumba changu. Mapafu mazima, moyo mzima, ananyonya. Kinachomtisha daktari ni baridi tu. Mtoto wa kiasi hiki hana mafuta mwilini. Akipoa hanyonyi, na asiponyonya anazidi kupoa. Chumba kisishuke chini ya ishirini na mbili. Kauthar, mke wangu, alikuwa akiitikia kwa Kichina kama mwanafunzi wa mstari wa mbele, na mimi nilikuwa nawaza dirisha letu linalopitisha upepo.

Nyumbani Unguja hawaamini nikiwaambia Guangzhou kuna baridi. Ipo, tena ya majimaji, inayopenya koti ikakaa mifupani, na nyumba za huku hazina cha kupashia. Viyoyozi vyenyewe vinajua kupoza tu. Bahati yetu ni mwenye nyumba, Bi Sun. Yeye ni mtu wa Harbin, kaskazini kabisa, kwenye barafu. Alipomfuata mwanawe huku kusini akakuta watu wanakula chakula cha jioni na makoti mwilini, akaapa hawezi. Akaweka boila ya gesi barazani, pampu ya kuzungusha maji ya moto, na mabomba mpaka kwenye masanduku bapa ya chuma ukutani. Mimi nayaita rejeta, ingawa za gari zinapoza na hizi zinapasha. Magoti yalipomshinda ngazi alihamia chini, akatupangisha sisi. Siku ya kwanza nilimcheka, nikamuuliza mtu wa Unguja afanyie nini rejeta. Leo namwombea dua.

12 Januari

Nyuzi 23.

Chumba cha mzazi kimeshikwa na mama mkwe wangu, Bi Mwanakhamis, aliyekuja mwezi uliopita kwa ajili ya uzazi huu. Mpaka arobaini itimie, Kauthar anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anafungwa tumbo, anafukizwa udi, na mlango unafungwa. Mwanamume hana kazi mle. Nabisha hodi, naletewa mwanangu mlangoni, namtazama, namrudisha.

Mkwe wangu hasemi nami moja kwa moja. Ni mtu wa zamani, na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Anamwambia Kauthar, "Mwambie mumeo chai iko mezani," nami nimesimama hapo hapo nasikia. Nami namwambia Kauthar amwambie mama ahsante. Roger, rafiki yangu Mkongomani, aliona mchezo huu siku moja akacheka mpaka akatoka nje. Kwetu ni adabu.

14 Januari

Nyuzi 23. Kutwa Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, nanunua midoli na madaftari ya duka la Darajani, Unguja. Kontena lazima lipakiwe kabla ya sikukuu ya Wachina.

16 Januari

Nimerudi adhuhuri nikakuta rejeta baridi. Chumba nyuzi 20. Kauthar kamfunga mtoto kanga juu ya kanga, kimebaki kipua tu.

Nikaenda barazani. Boila inawaka, inapata moto, inajizima. Pampu inanguruma lakini bomba linalotoka kwake ni baridi, maana yake umeme upo ila haizungushi kitu. Nikatazama video. Nikafungua kifuniko cha mbele, nikaingiza bisibisi, nikauzungusha mhimili kwa mkono. Ulikuwa umenata. Nikausukuma, ukakubali, pampu ikashika kazi, bomba likapata moto mkononi mwangu. Nilijiona daktari wa upasuaji. Bi Mwanakhamis akamwambia Kauthar amwambie mumewe Mungu ambariki.

17 Januari

Nyuzi 23. Mtoto tumempa jina, Gharib, la marehemu babu yake mzaa mama. Bibi yake alilia kidogo, akasema ni moshi wa udi.

19 Januari

Imesimama tena. Bisibisi haikusaidia, mhimili unazunguka wenyewe bila tabu na maji hayaendi.

Nimemwita Roger. Yeye ni mtu wa Lubumbashi, ananunua pampu za maji huku anazipeleka kwao, na kabla ya biashara alikuwa fundi wa mitambo migodini. Alifika na begi lake, akaweka sikio kwenye pampu, akaniambia inazungusha hewa. Akafungua kijiskrubu cha juu cha rejeta ya sebuleni na hewa ikafoka kwa muda mrefu kabla ya tone la kwanza la maji. Chumba cha mzazi hakuingia, bila shaka. Nilimpa Kauthar ufunguo mdogo wa kutolea hewa akafanya mwenyewe kwa maelekezo ya mlangoni. Kisha Roger akanionyesha geji ya presha barazani. Mshale ulikuwa chini kabisa. Akafungua koki ya kujazia, akajaza maji mapya mpaka mshale ukapanda.

Akaniambia maji ya mfumo huu hayatumiki, yanazunguka yale yale mwaka mzima. Yakipungua, yanavuja mahali. Nitafute unyevu.

Nimelala chali chini ya kila bomba. Nimepapasa kila kiungio. Nimepitisha karatasi ya chooni kwenye kila nati. Nyumba nzima kavu. Chumba cha mzazi Kauthar kanitazamia, nako kukavu.

21 Januari

Imesimama. Nimetoa hewa, nimejaza maji, imekwenda. Mchana imesimama tena. Nimechelewa Yide Lu na mwenye duka kauza maboksi yangu ya midoli kwa mtu mwingine. Laoban yule, kama wanavyomwita mwenye duka huku, nilikuwa namwona muungwana.

22 Januari

Roger kabadilisha pampu. Kachomoa moja katika mzigo wake, ya aina ile ile, mpya, kaifunga yeye mwenyewe na mshale uliochorwa juu yake ukielekea kwenye boila kama inavyotakiwa. Ile ya zamani nimeiweka kwenye kona ya baraza. Nyuzi 24. Nimelala usingizi wa mtu.

24 Januari, Ijumaa

Pampu mpya imekufa.

Nilirudi kutoka msikitini na furaha zangu, nikakuta Kauthar amekaa kitandani amembana mtoto, uso umemshuka. Kasema Gharib leo ananyonya mafunda mawili tu, analala titi likiwa mdomoni. Nikapiga simu kwa Roger. Nilimwambia aje, na sikumwambia kwa sauti nzuri.

Alipofika, mshale wa geji ulikuwa chini. Akatikisa kichwa. Hapo ndipo mdomo wangu ulipoanza kufanya kazi bila mimi. Nikamwambia pampu yake ni ya mtumba iliyopakwa rangi, kwamba anawauzia watu wa kwao takataka na leo kaniletea mimi, tena nyumbani kwenye mtoto mchanga.

Roger hakupandisha sauti. Alifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja.

"Pompe iko bien, Mbarak," akasema. "Maji ndiyo haiko. Umetafuta fuite, fasi maji inavuya, hauone. Basi mu nyumba yako kuko mutu anatosha maji."

"Nyumbani kwangu kuna mzazi, mama yake na mtoto," nikamwambia. "Unamtuhumu nani?"

Akafunga begi. Akatutakia heri, akashuka ngazi. Nilibaki nimesimama barazani nimevimba kama andazi. Ati mtu anachota maji kwenye mabomba! Achote ya nini, anywe? Nimejaza mwenyewe, nimetoa hewa mwenyewe, imekwenda.

25 Januari

Nyuzi 21. Ilisimama alfajiri.

Bi Sun kapanda ngazi na magoti yake, kaleta uji wa mtama na sukari nguru, maana kwao nako mzazi anafungiwa ndani mwezi mzima na kulishwa. Alifurahi kuwakuta wenzake, mpaka alipoona ndoo na kanga mbichi mlangoni akaelewa kwamba Kauthar anaoshwa. Kwao mzazi hagusi maji mwezi mzima. Akashika kichwa, "bu xing, bu xing," haifai, haifai, akinitazama mimi niwaambie. Bi Mwanakhamis naye akamwambia Kauthar amuulize mumewe bibi huyu anasema nini. Sasa mimi ningesemaje? Ningeanzaje kumtajia mkwe wangu habari za kumwosha mke wangu? Nikasema Bi Sun anauliza kama uji una sukari ya kutosha. Bi Mwanakhamis akamjibu kwa tabasamu, Bi Sun akaondoka amenuna.

Nimemfuata nikamwambia rejeta zake ni mbovu. Kanijibu rejeta zake zilimlinda mumewe mpaka siku yake ya mwisho na hazijawahi kuharibika hata siku moja kabla yetu. Nikamwona mkaidi. Nikapanda, nikashuka tena, nikapanda. Siwezi kukaa.

27 Januari

Huangpu kutwa, bandarini. Kontena limefungwa, limepakiwa, wakala kanipa mkono. Nimepiga simu nyumbani kila nilipopata nafasi mpaka Kauthar akaniambia niache, namwamsha mtoto. Nilikuwa nikitazama kreni zinainua makontena na nawaza mshale wa geji.

28 Januari

Mkesha wa mwaka mpya wao. Maduka yamefunga. Pampu imetoa harufu ya kuungua, nikaizima. Nimeingiza bisibisi, mhimili hauendi hata kwa nguvu za wawili, na wa pili hayupo.

Bi Mwanakhamis ana mafua tangu jana. Kajifunga kanga mdomoni, hamkaribii mtoto.

29 Januari

Naandika jioni. Nitaandika yote kwa mpangilio, maana nikiacha nitayasahau, na sitaki kuyasahau.

Asubuhi chumba kilikuwa nyuzi kumi na tano. Nje mvua ya manyunyu, mtaa mzima umefunga milango na kubandika karatasi nyekundu. Nikapiga simu kwa kila fundi ambaye namba yake imechorwa ukutani ngazini. Waliopokea walikuwa makwao, Hunan, Sichuan, wanakula na wazazi wao. Walinitakia heri ya mwaka. Bi Sun akamtuma mwanawe na jiko dogo la umeme. Tukalichomeka, umeme wa nyumba nzima ukakatika. Tukazima taa zote na friji, tukajaribu tena, ukakatika tena. Nyaya za jengo hili ni za zamani, hazibebi.

Kauthar aliamka na homa. Titi moja limevimba, gumu, jekundu, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Nikampima Gharib. Nyuzi thelathini na sita na pointi mbili. Hospitali walituambia akishuka chini ya thelathini na sita tumlete mbio. Hakuwa analia. Siku zote kilio chake kinanikera, leo ningelipa chochote nikisikie.

Nikapiga simu hospitali, nikampata nesi. Akaniambia kumtoa kwenye mvua hii bila sababu ni kumzidishia. Kwanza avuliwe nguo, alazwe kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, apimwe kila baada ya nusu saa. Akishuka zaidi, tuje. Nikasimama sebuleni na simu mkononi sijui nilisemeje neno la ngozi mbele ya mkwe wangu. Nikamwambia Kauthar kwa mlangoni. Kauthar akamweka kifuani, lakini alivyokuwa akitetemeka na mtoto alitetemeka naye, na mwisho akasema mikono yake haina nguvu, atamwangusha. Bi Mwanakhamis alikuwa pembeni, kanga mdomoni, anakohoa, hawezi kumgusa.

Ndipo Bi Mwanakhamis akageuka. Hakumtazama Kauthar. Alinitazama mimi.

"Mbarak," akasema, "vua shati."

Nilitazama nyuma yangu, naapa, kama kwamba yupo Mbarak mwingine.

"Vua, mwanangu. Kifua chako ndicho kizima humu ndani."

Nikavua. Mbele ya mkwe wangu, mimi ambaye hata kandambili sijawahi kuvaa mbele yake. Alimchukua Gharib kutoka kwa mamake kwa taulo, uso ameugeuzia pembeni asimpumulie, macho yako darini, akaja kuniwekea. Lakini mtu hawezi kuweka mtoto asipopaona pa kuweka. Ikabidi atazame. Akamlaza hapa, kichwa chini ya shingo yangu, akatufunika blanketi, kanga, na koti langu la Huangpu juu yake.

Alikuwa baridi kama kikombe kilichosahauliwa mezani. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivi, wala siku aliyozaliwa, kwa sababu siku ile walikuwepo madaktari wa kuogopa kwa niaba yangu. Nilimwomba Mungu bila mpangilio, nikachanganya dua ya safari na ya chakula. Na mimi, ambaye Kauthar ananiita feni, mimi nisiyemaliza kikombe cha chai kwenye kiti kimoja, nilikaa. Nilikaa kutwa. Bi Mwanakhamis alinilisha uji wa Bi Sun kwa kijiko kirefu kutoka mbali. Nesi alipiga simu mwenyewe kuuliza.

Tulipima, tukapima. Ilikaa pale pale, kisha ikapanda pointi moja, kisha nyingine. Kauthar alikunywa dawa akatoka jasho, homa ikamshuka. Karibu na magharibi Gharib alijinyoosha, akafungua mdomo, akaanza kutafuta titi kifuani kwangu. Nikamwomba radhi. Akakasirika, akalia kwa sauti yote, na mamake akalia, na mimi nikalia, na Bi Mwanakhamis akasema kwa ukali tumpe mtoto maziwa tuache upuuzi.

30 Januari

Nilimpigia Roger asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno ya radhi, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Yeye akauliza tu, "Mutoto iko namna gani?" Nikashindwa kusema nililopanga. Akasema anakuja.

Hakuwa na pampu nyingine, mzigo wake umeshasafiri. Akafungua ile iliyoungua na ile ya zamani iliyokuwa kwenye kona. Ndani ya zote mbili mlikuwa na tope jeusi, laini, limenata kwenye mhimili. Akachukua koili nzima ya ile ya zamani na mhimili mzima wa ile mpya, akavisugua kwa mswaki wangu, akatengeneza pampu moja. Akasafisha na chujio, nalo limejaa tope hilo hilo.

"Unaona?" akaniambia. "Hii ni rouille, kutu. Maji ya mupya inaingia kila siku, inakula chuma, chuma inakuya kukamata pompe. Pompe haina kosa."

Akajaza maji, akatoa hewa, akaiwasha, na bomba likapata moto. Kisha akachora mstari kwa kalamu ya wino juu ya kioo cha geji, pale mshale uliposimama. Akasema niutazame huo mstari tu, yeye hasemi neno tena. Nilimkumbatia pale pale barazani, nikamwambia nimemkosea. Akanijibu anajua.

Chumba nyuzi 22 na kinapanda.

31 Januari, Ijumaa

Hospitali wanasema tuendelee kumweka kifuani, hata chumba kikiwa na joto, mpaka aongezeke uzito. Kwa hiyo sasa mimi ni mtu wa chumbani. Ninacho kiti changu, na mkwe wangu anasema nami. Asubuhi kaniuliza habari za mama yangu, kaniuliza huko Yide Lu wanauza nini, kanicheka nilivyomshika mtoto. Mwaka wa tano huu nimeoa, na leo ndio nimejua kwamba Bi Mwanakhamis ni mcheshi.

Ukafika wakati wa kukanda. Gharib alikuwa amelala juu yangu, na aliyelala haondolewi. Nikataka kuinuka hivyo hivyo na kiti. Bi Mwanakhamis akasema, "Kaa hapo hapo, baba. Geukia ukuta." Akavuta pazia mbele ya kitanda kama kawaida yake, na Kauthar akawa haoni nje.

Nikageukia ukuta. Kwenye ukuta huo ndipo ilipo rejeta ya chumba.

Akaja na ndoo, akachuchumaa karibu na goti langu. Chini ya rejeta, nyuma ya mguu wake wa chuma, kuna koki ndogo ya kumwagia maji siku ya kusafisha mfumo, ambayo mimi sikujua kama ipo. Akaifungua. Maji yakatoka yanafuka, rangi ya chai hafifu. Ndoo ikajaa mpaka karibu na ukingo. Akafunga, akapangusa sakafu kwa kitambaa mpaka ikakauka kabisa, maana ni mtu msafi.

"Maji mazuri haya," akaninong'oneza. "Niliyaona siku ile ile tuliyotoka hospitali. Moto wake wa kweli, si ule wa birika wa kupoa njiani. Na yana chuma, unaiona rangi? Nayachuja, namkanda nayo, yanamtia damu. Halafu sihangaiki kupita na ndoo sebuleni ulipo."

Nikamwambia, "Ahsante, mama."

Hayo ndiyo niliyosema. Akaenda nyuma ya pazia, nikasikia maji yanamwagwa mgongoni mwa mke wangu na Kauthar anasema uuh, na mimi nautazama ukuta.

Alipomaliza nikampa Kauthar mtoto, nikaenda barazani. Mshale ulikuwa umeshuka chini ya mstari wa Roger kwa upana wa kidole. Ndoo moja. Na jioni nyingine, na kesho mbili. Nikakaa juu ya kreti la soda nikacheka, halafu kicheko kikageuka. Nimemtukana Roger, nimemwona Bi Sun mkaidi, nimemlaani laoban wa watu, nimelala chali chini ya mabomba, na muda wote jibu lilikuwa upande wa pili wa mlango ambao sikuweza kuufungua. Na nitamwambia nini? Kwamba kila alipomtia mwanawe damu alikuwa akimtoa mjukuu joto? Mjukuu mwenyewe ana jina la mumewe. Nikimwambia nitamvunja.

Nimejaza maji, nikanyamaza.

1 Februari, Jumamosi

Nimemweleza Roger. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama bibi anajua, nikasema hajui, na sitaki ajue.

"Sema ni pompe," akaniambia. "Miye niko Mukongomani, nimezoea kubebeshwa. Ila ile robinet uifunge leo."

Bi Mwanakhamis alipokuwa akisali adhuhuri sebuleni niliingia na spana, nikang'oa kishikio cha koki ile, nikaziba kwa kizibo cha chuma. Alipomaliza nikamwambia kwamba koki imevunjika, na kwamba Roger kakiri pampu yake ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na kuanzia leo maji ya kukandia nitayachemsha mimi jikoni, nitayaweka mlangoni, wala asitie shaka sitachungulia.

Alikwenda kuitazama koki. Akamgeukia Kauthar.

"Mwambie mumeo ahsante," akasema.

2 Februari

Nyuzi 23. Mshale uko kwenye mstari.

3 Februari

23. Kwenye mstari.

5 Februari

23. Gharib kaongezeka uzito, nesi kampigia makofi. Mafua ya Bi Mwanakhamis yamekwisha lakini hacheki. Anapika, anakanda, anafua, analala. Mimi naambiwa kupitia kwa Kauthar kama zamani. Nakwenda na ndoo, narudi bila ndoo. Kauthar kaniuliza nimemfanya nini mama yake. Nimesema sijamfanya kitu, na ni kweli, ndio maana inaniuma. Nimemficha habari za koki, na yeye kanitoa kinywani mwake.

6 Februari

23. Nimezunguka mtaa bila sababu. Maduka yanaanza kufungua.

8 Februari

Asubuhi nimepeleka ndoo kama kawaida. Nikaiweka chini, nikabisha, nikageuka niende zangu. Mlango ukafunguka kabla sijapiga hatua.

"Pampu haikuwa mbovu," akasema Bi Mwanakhamis.

Nikamwambia fundi mwenyewe kakiri.

"Usimsingizie mtoto wa watu. Koki imeng'olewa Jumamosi, na tangu Jumamosi ile chumba hakijapoa hata mara moja. Mimi si mjinga, Mbarak. Ni maji yangu."

Nilitafuta uwongo mwingine, sikuupata. Nikasema alikuwa anamhudumia mwanawe, angejuaje.

"Ijumaa uliniona nachota. Ukaniambia ahsante."

"Niliona haya, mama."

"Na mimi niliona haya kupita mbele yako na ndoo." Alikuwa ameshika ukingo wa mlango. "Haya zako na haya zangu, Mbarak. Zilikuwa zimuue Gharib."

Nyuma yake Kauthar alikuwa amekaa kitandani na mtoto, kaziba mdomo kwa upande wa kanga. Nilidhani Bi Mwanakhamis atafunga mlango. Badala yake aliusukuma mpaka ukagonga ukuta.

"Ingiza ndoo mwenyewe," akasema. "Nzito."

Nikavua viatu, nikaingia nayo mpaka ndani, pale kwenye beseni. Akamimina nusu, akaongeza ya baridi. Akamvua mtoto. Kisha akanishika mkono, mkwe wangu, akaukunja, akakichovya kiwiko changu majini nijue moto unaomfaa mtoto, akasubiri.

Nikamwambia bado yana moto. Akaongeza ya baridi.